Ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale, Mombasa: nenda kabla ya kumwita mwashi

Mwenye nyumba Ndia Kuu, Kibokoni au Kuze anayetaka kugusa hata dirisha moja ana milango miwili ya kubisha. Wa kwanza ni wa Makumbusho ya Taifa, kupitia ofisi yake ya uhifadhi wa Mji wa Kale. Wa pili ni wa idara ya mipango ya serikali ya kaunti. Tathmini hii inauhusu zaidi ule wa kwanza, kwa sababu ndio watu huuingia mwisho, saruji imeshanunuliwa na mwashi ameshapewa nusu ya pesa zake, kisha wakatoka wakinung'unika. Muhuri wa ofisi hii ni wa lazima, lakini si ndio wa kukupeleka mbio. Kinachostahili safari ni ukaguzi: mtu anayeijua matumbawe na chokaa aje autazame ukuta wako kabla haujaguswa.

Msingi wa kisheria kwa ufupi. Mji wa Kale, hekta 72 hivi, ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sasa unalindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006. Fort Jesus iliyojengwa 1593 hadi 1596 iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011, na Mji wa Kale ndio mazingira yanayoizunguka. Hivyo ghorofa yako ya nyongeza si shauri lako na jirani yako tu. Na wale wanaosema "mimi napiga plasta tu, sijengi" wajue kwamba plasta, rangi, paa, mlango, roshani, kiyoyozi na hata ubao wa duka ni mambo ya kuulizia kwanza.

Siku ya kwanza usiende na ramani ya mchoraji. Nenda na picha. Piga uso wote wa nyumba kutoka upande wa pili wa ndia (njia ya mtaa), kisha kila mlango, kila dirisha, roshani kwa chini na kwa pembeni, paa ikiwa unaweza kulifikia, na kila mahali palipopasuka au palipolowa, ukiweka rula au futi kamba kando ya ufa ili upana wake uonekane. Chukua nakala ya hati ya umiliki, kitambulisho, na risiti za karibuni za kodi ya ardhi ya kaunti. Ongeza karatasi moja uliyoandika mwenyewe: unataka kufanya nini, kwa nini, na nyumba inatumikaje sasa. Kisha omba ukaguzi. Afisa akija, mpeleke kwanza chooni, jikoni na kwenye paa, sio sebuleni. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zinabomoka kwa maji ya bomba lililotoboka na mlizamu (mfereji wa maji ya mvua paani) ulioziba, na hakuna plasta itakayokaa juu ya ukuta unaonyweshwa kila siku.

Muulize mambo matatu na uyaandike majibu mbele yake: sehemu gani za nyumba hii haziruhusiwi kuondolewa kabisa, zipi zinaruhusiwa kubadilishwa kwa sharti la nyenzo ile ile, na zipi uko huru nazo. Majibu hayo ndiyo unayompa mchoraji. Wanaoanza na mchoraji hulipa mara mbili, kwa sababu michoro iliyozoeleka hapa mjini ni ya nyumba mpya: kuta zimenyooka kwa rula, kona zote ni pembe mraba, na juu kuna zege. Nyumba ya matumbawe haina kona iliyo mraba. Dai michoro ya aina mbili, ya hali ilivyo na ya hali itakavyokuwa, kwa kipimo cha 1:50 au 1:100, na vipande vya milango, madirisha na roshani kwa 1:20. Michoro ya hali ilivyo ikiwa imepimwa kweli, nusu ya maswali huisha yenyewe. Kama imebuniwa ofisini Nyali, itarudi.

Kizuizi kikubwa zaidi huwa hakina uhusiano na uhifadhi. Ni saini. Nyumba imeachwa na babu, warithi ni kumi na wawili, wawili wako Oman, mmoja hataki kusikia habari ya kutoa pesa. Ofisi yoyote ya umma itataka ridhaa ya mwenye mali. Basi maliza mirathi kwa Kadhi kwanza, au angalau pata idhini ya maandishi ya warithi wote ikimtaja mmoja wao kuwa ndiye msimamizi wa kazi. Nyumba ikiwa ni wakfu, mpangaji au hata mtunzaji wa kifamilia hana mamlaka ya kutia saini peke yake. Barua itoke kwa mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, au kwa Tume ya Wakfu. Hapa hatuoni sababu ya kuilaumu ofisi ya uhifadhi. Haiwezi kugawa mirathi.

Tuje kwenye chokaa, kwa kuwa ndipo ugomvi ulipo. Sharti linalokera wenye nyumba kuliko yote ni lile la kutotumia saruji kwenye kuta za matumbawe. Wengi hudhani ni mambo ya urembo wa watalii. Ukuta wa zamani hapa ni wa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, unene wake ukikaribia nusu mita, na hauna utando wa kuzuia unyevu chini. Maji hupanda kutoka ardhini yakibeba chumvi. Ukuta uliopigwa chokaa huyaachia maji hayo yatoke usoni, na chumvi hubaki kwenye plasta, ambayo kazi yake ni kuharibika badala ya jiwe. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Hupanda juu zaidi, hufika kwenye ncha za boriti zilizolala ukutani, na chumvi huganda nyuma ya plasta ikiisukuma hadi ibambuke vipande vikubwa, mara nyingi na uso wa jiwe wenyewe. Mwenye nyumba akiona hivyo humwita mwashi apige saruji nzito zaidi. Rangi za plastiki hufanya vivyo hivyo polepole. Mwaka 2018 kaunti ilipoamuru majumba yapakwe nyeupe na buluu, swali lililostahili kuulizwa Mji wa Kale lilikuwa rangi hiyo imetengenezwa na nini, si ni buluu ya aina gani.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kama kuna saruji ya zamani, usiishambulie yote kwa nyundo. Igonge kwa kifundo cha kidole. Panapolia mvungu, imeshaachana na ukuta na itatoka kwa urahisi. Iliyoshika sana iache kwa sasa, maana ukiing'oa kwa nguvu itatoka na jiwe. Anza na mita moja ya chini ambapo unyevu ndio mwingi. Ukishafungua, acha ukuta upumue wiki kadhaa. Unga mweupe utakaotokea ni chumvi: ufagie ukiwa mkavu na uukusanye, usiuoshe kwa maji, kwani maji huirudisha ndani. Chokonoa viungio kwa kina cha sentimita mbili, loweka ukuta, na mashimo makubwa yajazwe vijiwe na chokaa kwanza. Shimo likijazwa kwa plasta tupu, plasta hupasuka hapo hapo.

Chokaa ya mifuko ya kiwandani inafaa ikiwa utaizima upya: mwaga chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, koroga, funika kwa maji vidole viwili juu yake, na uiache wiki mbili au zaidi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyonata. Vaa miwani; chokaa jichoni ni jambo la hospitali. Mchanga uwe wa mtoni, wenye punje kali. Weka konzi tatu kwenye chupa ya maji, tikisa, uiache itulie: tabaka nene la tope juu maana yake haufai. Tia punje ulimini. Ukionja chumvi, rudisha mzigo wote, hata kama mwenye mkokoteni amekasirika. Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu kwa tabaka la kwanza na la pili, kila tabaka lisizidi milimita kumi, na la juu liwe la mchanga laini, moja kwa mbili. Kati ya tabaka na tabaka subiri wiki moja au mbili. Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa ya ukaa, kuanzia usoni kwenda ndani, na ikipigwa jua kali kabla ya wakati hugeuka vumbi. Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta na uunyunyizie asubuhi na jioni siku za mwanzo. Kwa sababu hiyo majira ya kusi, masika yakishapita, yaani Julai hadi Oktoba, ndiyo mazuri. Jua la kaskazi la Januari na Februari litakusumbua. Mwisho ni chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono (mipako) minne au mitano juu ya ukuta uliolowa kidogo. Ikiwa mbichi utaona kama hujapaka kitu. Subiri ikauke.

Penye matatizo ni malipo. Mwashi anayelipwa kwa mita hawezi kusubiri wiki mbili kati ya tabaka na tabaka, kwa hiyo atatia "saruji kidogo tu" ili ishike haraka, na utapata ubaya wa pande zote mbili. Mlipe kwa siku, au kwa tabaka lililokaguliwa. Na omba ofisi iandike maneno "bila saruji" ndani ya masharti ya kibali. Mwenye nyumba akisema peke yake, fundi humwona hajui. Karatasi ya Makumbusho ikisema, ubishi hupungua. Hili pekee linatosha kuipa huduma hii alama nzuri.

Kuhusu dari na sakafu, upana wa vyumba vya zamani uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Boriti haiozi katikati. Huoza kwenye ncha zilizomo ukutani. Ijaribu kwa bisibisi kila ncha. Zilizooza zibadilishwe moja moja, mhimili ukiwa umesimamishwa pande zote mbili kabla ya kuitoa ile mbovu, na ncha mpya iachiwe nafasi ya hewa, isizungushiwe saruji. Pendekezo la kung'oa zote na kumwaga zege ndilo hukataliwa mara kwa mara, na kwa haki: zege ni nzito kuliko ukuta wa matumbawe unavyoweza kubeba kwa usalama, na nondo zikipata hewa ya chumvi hushika kutu, huvimba na kulipasua. Kununua boriti kuna sheria yake. Mikoko hukatwa kwa leseni ya Shirika la Huduma za Misitu, basi dai nakala ya karatasi za muuzaji na uiweke pamoja na kibali chako. Ukutwe na mzigo bila karatasi, utakuwa na kesi ambayo haina uhusiano na nyumba yako.

Milango ya nakshi ina ulinzi wake. Sheria inautaja mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa, uwe kwenye nyumba iliyoorodheshwa au la. Usikubali mnunuzi wa vitu vya kale anayekuja na pesa mkononi na mlango mpya wa "kubadilishana", na usiung'oe kwenda kuukarabati Kongowea bila barua. Ukarabati wa kawaida hufanyika palepale: sehemu ya chini ya mbao iliyooza hukatwa kwa mshazari na kuungwa mbao ya aina ile ile, iwe mbambakofi au msaji, mfaa (mti wa katikati ya mlango) na kizingiti vikibaki. Varnishi nzito inayong'aa ni adui. Mafuta ya kitani, mikono miwili mitatu, yanatosha. Roshani nazo hudondoka kwa misumari ya chuma. Tumia skrubu za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, na fungua mahali kila mkono wa roshani unapoingia ukutani uone ndani kabla ya kuamini kwamba nje ni pazima.

Matangi. Lita 1,000 za maji ni tani moja, bila kuhesabu tangi lenyewe, na watu huliweka juu ya paa la boriti kisha huuliza kwa nini ukuta umetoa ufa. Liweke chini uani na utumie pampu, na tangi dogo tu juu. Kiyoyozi kikae upande wa uani, na maji yake yaelekezwe kwenye bomba, sio kudondokea ukutani mwaka mzima.

Ukishapata maoni ya ofisi ya uhifadhi, ndipo kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka ruhusa ya ujenzi kabla ya kuanza. Kuanza bila hiyo ni kosa linaloweza kukutoza faini hadi shilingi 500,000 au kifungo hadi miezi miwili, au vyote viwili. Sheria hiyo pia inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inachukuliwa kuwa imetolewa. Usiitumie mbinu hiyo Mji wa Kale. Kimya cha kaunti hakifuti sheria ya urithi, na mkaguzi wa Makumbusho hatakikubali. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya uratibu wa mipango, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Siku 14 huisha haraka, kwa hiyo tarehe ya kupokea barua iandikwe na itiwe saini siku ile ile. Kazi kubwa husajiliwa pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na hapa kuna shida ya kweli: wazee waashi wanaoijua chokaa mara nyingi hawana usajili, na makandarasi wenye usajili mara nyingi hawaijui chokaa. Njia inayofanya kazi ni mkandarasi aliyesajiliwa kubeba dhamana, na mwashi wa chokaa atajwe kwa jina ndani ya mkataba.

Vikundi vya mtaa vina nafasi yao, na si ile wanayoipewa na watu wengi. Barua ya mzee wa mtaa au ya kikundi cha uhifadhi cha wakazi si kibali. Lakini ndia ni nyembamba, jukwaa la miti litaziba mlango wa jirani, ukuta mara nyingi ni wa nyumba mbili, na lori haliingii, kila mfuko utakuja kwa mkokoteni saa ambazo watoto wanatoka madrasa. Waone mapema, kubalianeni saa za mzigo na mahali pa kuweka mchanga, na ukuta wa pamoja uandikiwe makubaliano yenye picha za pande zote mbili kabla ya kazi. Picha hizo ndizo zitakazokuokoa jirani akidai ufa wa zamani ni wako. Kikundi chenye bidii kupita kiasi, kinachopiga simu kila unapoleta kopo la rangi, kinaudhi. Hata hivyo ni hicho hicho kitakachopiga simu jirani yako atakapoanza kuongeza ghorofa ya tatu juu ya ukuta mnaoshirikiana.

Huduma ina upungufu gani? Imejengwa kwa kukataza na kuruhusu, na baada ya hapo mwenye nyumba hubaki na mwashi wake. Kibali hakimfundishi mtu kuzima chokaa, wala hakimpi pesa, na chokaa kwa mwanzo ni ghali kuliko saruji kwa sababu ya siku za kazi. Mjane mwenye nyumba ya vyumba sita na kodi ya vyumba viwili hawezi kutimiza masharti yote kwa mpigo mmoja. Kwake tunashauri aombe kibali cha awamu: mwaka huu paa na milizamu, mwaka ujao ncha za boriti, kisha mita moja ya chini ya plasta, roshani baadaye. Hakuna sheria inayomlazimu kukarabati nyumba nzima mara moja, na maombi ya namna hiyo ni mepesi kwa kila upande kuyashughulikia.

Tunaipa nne kati ya tano kwa ujuzi wa nyenzo, na mbili na nusu kwa njia yenyewe yenye milango miwili isiyofunguana. Anayetaka kubomoa ajenge fleti za kupangisha asiende kabisa. Atafute kiwanja Bamburi au Kisauni, atapoteza muda wake na wa maafisa. Mwenye nyumba ya zamani anayeona plasta ikibambuka kwa mara ya tatu aende wiki hii, na picha zake mkononi, kabla ya mvua kuanza.